Vipepeo wa Mninga Waliandikwa kwa Jina Langu

Siku ile tulikuwa saba. Nilikuwepo mimi, kifungua mimba. Alikuwepo mdogo wangu wa kike anayenifuata, ambaye alikuwa amemaliza darasa la saba mwaka mmoja kabla na hakuchaguliwa kuendelea. Alikuwepo kitinda mimba wetu wa kiume, ana homa, amelala kwenye mkeka barazani. Alikuwepo shangazi, dada yake baba, aliyekuja kutoka Samuye kutusaidia kuchuma pamba. Alikuwepo mwenyekiti wa kijiji, kwa kuwa mgeni wa serikali hawezi kuondoka bila mwenyekiti kuja kumuaga. Alikuwepo mtaalamu wa wadudu, na dereva wake. Nawataja wote kwa sababu baadaye mtaalamu aliandika kwamba jambo lile halikushuhudiwa na mtu. Lilishuhudiwa na watu saba, na mmoja wao alikuwa yeye.

Jambo lenyewe si refu. Mdogo wangu alithibitisha kwamba vipepeo wawili waliokuwa wakiandikwa kama aina mbili ni aina moja, dume na jike. Mtaalamu alikuwa ametangaza kwamba atakayemletea jambo jipya la namna hiyo atampa barua ya kwenda kusomea kazi ya msaidizi wa utafiti. Barua ilikuwa moja tu. Kwa msichana aliyefungiwa mlango wa sekondari, hakukuwa na mlango mwingine. Hakuipata, na nitaeleza kwa nini. Sina haja ya kuificha hasira yangu. Nimeishi nayo muda mrefu kuliko nilivyoishi na wazazi wangu.

Asili yetu ni Samuye. Baba alihamia Ushirombo kufuata ardhi na mvua, kama Wasukuma wengi wa wakati wake. Alifariki nikiwa darasa la tano, na mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha. Ndugu walikaa kikao wakataka kutugawa, mmoja huku, mwingine kule. Nilisema hatugawanyiki. Niliacha shule, nikashika jembe la baba, na kuanzia hapo nikawa mkubwa wa nyumba.

Kuwa mkubwa wa nyumba kwetu kuna taratibu zake. Nyumba inasimama kwa jina moja. Pamba ikifika kwenye mizani, karani anaandika jina la mkubwa, hata kama aliyepalilia ni mwingine na aliyechuma ni mwingine. Mgeni akija, mkubwa ndiye anayejibu. Hakuna anayejiona ameibiwa, maana sote tunajua kilichoandikwa ni nyumba, si mtu. Niliyazoea hayo tangu nina miaka kumi na mitatu, na sikuwahi kuyafikiria mara mbili.

Mtaalamu alikuja baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Alikuwa Mtanzania mwenzetu, wa ofisi moja kubwa ya huko mbali, Kiswahili chake kimenyooka na viatu vyake havikuwahi kuwa na vumbi. Alitafuta kundi moja tu la vipepeo: wale wakubwa, wanene wa kiwiliwili, wenye vijimkia viwili katika kila bawa la nyuma. Hao hawatui kwenye maua. Wanaruka kwa nguvu kama jiwe lililorushwa, na chakula chao ni tunda lililooza, utomvu wa mti uliojeruhiwa, na mavi. Alitaka kujua wako wa aina ngapi, na kila aina inaishi kutoka wapi hadi wapi, kuanzia mbuga za Shinyanga mpaka vilima vya Geita. Alinichagua mimi kwa sababu nilijua kusoma na kuandika na sikuogopa kutembea.

Mitego ilikuwa mifuko ya chandarua tunayoitundika kwenye matawi, na chini yake sahani yenye ndizi zilizooza zilizochanganywa na machicha ya pombe. Kipepeo akishalewa huruka kwenda juu, hajui kurudi chini alikoingilia. Shangazi aliponiona nikichota machicha alisema sisi wazee tunanyimwa pombe, wadudu wananyweshwa.

Nilifanya kazi hiyo misimu miwili. Kule Samuye na pande zote za Shinyanga, ambako miti ilifyekwa zamani ili kufukuza mbung'o na baadaye kupanda pamba, nilipata aina tatu tu, na wote walikuwa wa kwenye vichaka vya kando ya mito. Maganzo nilikaa siku tisa, mtego mmoja kwenye mti mmoja karibu na mashimo ya wachimbaji wa almasi. Wale jamaa walikuwa wakija kunitazama wakati wa kupumzika. Mmoja aliniuliza hao nakwenda kumuuzia nani. Nilipomwambia siwauzi, nawahesabu tu, aliwaita wenzake waje wamwone mtu aliyekuja Maganzo kukamata kitu kinachong'aa kisha akakiandikia karatasi. Vilima vya Geita vilikuwa tofauti kabisa. Huko kuna mvua na mabonde yenye miti minene, na mtego ulijaa aina ambazo sikuwa nimeziona. Kisha kwetu, Ushirombo na Bukombe, kwenye miyombo na mininga, tulikuwa na wa kwetu wasiopatikana kwingine.

Mtaalamu alinifundisha kuwatenga kwa kutazama chini ya bawa, siyo juu. Juu wanadanganya, alisema, chini ndiko kuna mistari ya kuhesabu. Alikuwa mwalimu mzuri, sitamnyima hilo. Lakini mdogo wangu, aliyekuwa akinisaidia kukunja bahasha za pembetatu za kuwatunzia, alijifunza haraka kuliko mimi, na alijifunza kitu ambacho mtaalamu hakumfundisha. Yeye aliuliza kila aina watoto wake wanakula mti gani. Aliniambia ukitaka kujua kipepeo anaishi wapi usifuate mtego, fuata mti.

Kwenye mitego ya nyumbani tulikuwa tukipata kipepeo mweusi mwenye utepe mweupe katikati ya mabawa. Mtaalamu alimpa jina lake na sanduku lake. Tulipata pia wa kahawia mwenye utepe wa manjano, na huyo alimweka pamoja na aina kubwa ya kahawia inayopatikana kila mahali, hata Samuye. Alisema ni wale wale, wa huku wamedumaa kidogo.

Siku moja mdogo wangu alimwona mmoja wa hao wa kahawia akizunguka mche wa mninga nyuma ya jiko, anatua, anaondoka, anatua tena. Alisubiri mpaka akahakikisha anataga. Akachukua kipande cha chandarua, akamfungia humo humo kwenye tawi, yeye peke yake na majani. Asubuhi mayai yalikuwapo, madogo ya mviringo, rangi ya maziwa yaliyoganda. Mama yao alimweka kwenye bahasha yake mwenyewe.

Viwavi walitoka wakawa wa kijani, na vichwani wana pembe nne kama taji. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kisimani, aliwakatia majani mapya ya mninga. Wengine walikufa. Waliobaki walijining'iniza wakawa kama vitunda vya kijani visivyoiva, na baada ya wiki kadhaa wakaanza kupasuka. Walitoka kumi na mmoja. Sita walikuwa weusi wenye utepe mweupe. Watano walikuwa wa kahawia wenye utepe wa manjano, kama mama yao. Weusi wote walikuwa madume. Wa kahawia wote walikuwa majike.

Aliniita nikiwa shambani. Nilipofika alikuwa amewapanga kwenye ungo, ananitazama tu nione mwenyewe. Sijawahi kumwona akiwa na uso ule kabla wala baada ya siku hiyo.

Mimi ndiye niliyeandika karatasi. Kila bahasha ilikuwa na nafasi ya mahali, siku, mti, na jina la aliyekusanya. Niliandika jina langu mara kumi na mbili: watoto wote, na mama yao. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema, "Kaka, hii siyo pamba."

Nikamjibu jina la nyumba ni moja, na asiwe na wasiwasi, mtaalamu anajua anayelisha viwavi ni nani. Hakubishana. Kwetu mkubwa akishasema habishiwi.

Ndipo ikafika siku ya mtaalamu kuondoka. Alikaa barazani na masanduku yake, anafungua bahasha moja moja, anasoma kwa sauti, anapanga. Alipofika kwenye zile kumi na mbili akawaweka weusi huku na wa kahawia kule, kama kawaida yake. Nilianza kueleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, siyo kwa ubaya, kama mtu anayemcheka mtoto aliyevaa kanzu ya baba yake. Alisema viwavi wa jirani walipanda tawi hilo hilo bila sisi kuona. Nikasema tawi lilikuwa limefungwa. Akasema chandarua chetu kina matundu, amekiona.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alimwomba radhi mwenyekiti kwanza, kisha akasema, "Mzee, hao weusi umewakusanya misimu miwili. Umewahi kumpata jike?"

"Majike ni adimu, binti. Hawaji kwenye mtego."

"Na hawa wa kahawia wadogo, umewahi kumpata dume?"

Alianza kuzigeuza bahasha za wa kahawia moja moja. Dereva, aliyekuwa akifunga kamba za mizigo, alisema basi hao weusi ni mapadre na hao wa kahawia ni masista. Mwenyekiti, mtu wa kanisani kila Jumapili, alicheka mpaka akakohoa. Nilidhani tumeshinda. Mdogo wangu aliendelea, sasa kwa kasi, kwamba kaka yake hakumpata mweusi hata mmoja Samuye wala Maganzo, na wala hakumpata wa kahawia mdogo kule. Kule wako wale wakubwa peke yao. Mweusi na wa kahawia mdogo wanaanzia pamoja inapoanzia mininga, na wanaishia pamoja inapoishia. Kama ni aina mbili, mbona hawaachani hata hatua moja?

Shangazi naye akaingia. "Baba, huyu mtoto ameamka na wadudu hao kila siku. Mimi nimelala humu ndani, nimemwona."

Nadhani kilichomuudhi mtaalamu ni kicheko cha dereva. Uso wake ulibadilika. Alichukua bahasha ya yule kipepeo mama, akaishika juu ili wote tuione, akaniuliza mimi, si mdogo wangu, "Jina hili ni la nani?"

Nikasema ni langu.

"Nani amekusanya?"

Nikasema mdogo wangu. Nikaeleza habari ya mizani, ya karani, ya jina la nyumba. Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu naye pamba ya wake zake wawili iliandikwa kwa jina lake.

Mtaalamu hakupandisha sauti. Alisema, "Basi karatasi hii ni ya uongo. Na kama jina ni la uongo, nitajuaje kwamba mahali si pa uongo? Nitajuaje kwamba ulifika Maganzo? Nitajuaje wa Geita hukuwakamata hapa nyuma ya jiko?" Akaonyesha masanduku yote, misimu miwili ya miguu yangu. "Chagua. Ama karatasi zako ni za kweli, zote, na jina lililoandikwa ndilo la mkusanyaji. Ama ni za uongo, na hivi vyote navimwaga hapa hapa, na nitaandika sababu."

Nataka nieleweke. Mtu yule alikula kwetu. Kila alipofika alimkuta mdogo wangu amepiga magoti kwenye ule mche wa mninga, na mara mbili alimkanyagia majani aliyokuwa ameyakata. Alijua. Hakuwa akiniuliza ili ajue. Alikuwa akinifundisha kwamba alichokiona kwa macho yake si kitu mbele ya kilichoandikwa, na kwamba kilichoandikwa nilikiandika mimi. Na alichagua kunifundisha hivyo mbele ya msichana ambaye maisha yake yalikuwa kwenye bahasha ile.

Nilitazama masanduku. Niliwaona wa Geita, ambao niliwabeba kichwani siku mbili kwenye mvua. Niliona, na hili ndilo linaloniuma, kwamba nikisema kweli ataimwaga kweli yote. Nikasema karatasi ni za kweli.

"Zote?"

"Zote."

"Basi mkusanyaji ni wewe." Akatoa kalamu, akaandika barua ile juu ya paja lake, kwa jina langu. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. Kuhusu weusi na wa kahawia alisema atafikiria. Mdogo wangu aliingia ndani, akatoka na ndoo, akaenda kisimani. Shangazi alimwambia mtaalamu safari njema kwa Kisukuma, na hakumpa mkono.

Ile barua sikuitumia. Nilimpa mdogo wangu, na juu yake nikaambatisha ya kwangu inayoeleza makosa yangu, mwandiko wangu wa darasa la tano. Alikwenda kwa basi mpaka Kahama, akapata treni Isaka, akafika kwenye chuo kilichotajwa katika barua. Mlangoni walisoma barua ya mtaalamu, wakasoma jina la mwanamume, wakamtazama. Ya kwangu hawakuisoma. Haikuwa na mhuri. Alilala kituoni akarudi. Alipofika nyumbani alinirudishia karatasi zote mbili zikiwa zimekunjwa vizuri. "Wamesema uliyeitwa ni wewe," akaniambia, kisha akauliza kama kitinda mimba ameshakula.

Miaka michache baadaye mwalimu wa shule yetu alipata kijitabu cha mtaalamu, akaniletea. Kilikuwa na ramani. Mweusi alikuwa na nukta zake Ushirombo na Bukombe, aina peke yake, jike wake hajulikani. Wa kahawia, pamoja na majike wetu watano na mama yao, alikuwa amewekwa kundi moja na wale wakubwa, na nukta zake zimetapakaa kutoka kwetu mpaka Maganzo mpaka Shinyanga mjini, mahali ambapo huwezi kupata mninga hata wa kuchongea kigoda. Mwishoni aliandika kwamba kulikuwa na madai ya mkusanyaji mmoja juu ya jike, lakini hayakushuhudiwa. Mdogo wangu aliiangalia ramani muda mrefu. Kisha alicheka, akasema wameolewa mbali sana hao wanawake.

Baadaye zaidi mwalimu yule yule aliniambia amesoma kwamba mtu mwingine, kwingine, naye amelea mayai akapata weusi na wa kahawia kwa mama mmoja, na sasa wamekubaliwa kuwa aina moja. Zile bahasha zetu kumi na mbili zimetajwa kama ushahidi wa mapema. Mkusanyaji ni mimi. Watu wanaosoma mambo hayo wanaamini mtu mmoja wa Ushirombo alikuwa na akili ya kumfungia jike kwenye tawi. Sikuwa na akili hiyo. Mimi nilikuwa na kalamu.

Niliandika kwa ile ofisi mara tatu kuomba jina libadilishwe. Mara ya kwanza sikujibiwa. Mara ya pili nilijibiwa kwamba karatasi ya asili haibadilishwi. Mara ya tatu niliwauliza kama na mtu wa asili habadilishwi, na nadhani waliona nimewatukana. Najua sikuwaandikia kwa adabu. Sikuona walikuwa na adabu gani ya kudai.

Mdogo wangu aliolewa, akahamia Katoro, karibu na machimbo ya dhahabu, ana meza ya dagaa na mchele sokoni, na fedha ya dhahabu inapita mbele yake kila siku kwenda kwa wengine. Mwaka juzi nilimfuata huko. Nilikaa kwenye gunia la mchele nikangoja wateja wapungue, kisha nikaanza kumwambia kwamba siku ile nilimkosea, kwamba mbele ya mtaalamu na mwenyekiti nilimkana, na kwamba tangu hapo...

Alinikatisha. Alikuwa akipima kikombe cha dagaa cha mama mmoja, na hakukiweka chini.

"Kaka, usiniambie mimi. Mimi nilikuwepo. Kawaambie wasiokuwepo."

Akamwongezea yule mama dagaa kidogo juu ya kipimo, akanisogezea chai. Nilikunywa. Wasiokuwepo ni wengi, na ndio kwanza naanza kuwafikia.